Shuka Hapa: Kuzunguka Pwani kwa Basi Ukitokea Nairobi

Watu wengi wa Nairobi huijua Pwani kwa namna moja: basi la usiku, kuamkia Mombasa, moja kwa moja hadi hoteli ya ufukweni, siku tatu za kuota jua, kisha kurudi mjini. Safari hiyo haina ubaya, ila inakuonyesha ufuo mmoja tu. Kutoka Lunga Lunga mpakani mwa Tanzania hadi Lamu kuna zaidi ya kilomita 400 za barabara, na mwenye begi la mgongoni anaweza kuzimaliza kwa matatu na mabasi, kipande kwa kipande, bila gari lake na bila wakala.

Ila kuna jambo la kujua mapema, maana huwavunja moyo wageni wengi: barabara kuu ya Pwani haiandami maji. Ukikaa dirishani kutoka Mombasa hadi Malindi ukingoja bahari ijitokeze, utaona minazi, mashamba ya mkonge ya Vipingo, vibanda vya madafu na ukuta mrefu wa kiwanda cha saruji cha Bamburi. Maji utayaona kwa sekunde chache juu ya madaraja ya Nyali, Mtwapa na Kilifi, basi. Uzuri wenyewe uko upande wa mashariki, mwisho wa vijia vya mchanga. Ujuzi wa safari hii uko katika kushuka.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya kuhesabu pesa

Ukiwa na siku nne au tano, chagua upande mmoja. Mimi humshauri mtu wa mara ya kwanza aende kaskazini: Mombasa, Kilifi, Watamu, Malindi. Vituo viko karibukaribu na magari hayakosi. Ukiwa na wiki nzima, ongeza kusini. Lamu iache mpaka upate siku kumi hivi, kwa sababu njia yake hula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na kufika Lamu ili ulale usiku mmoja ni kujichosha bure.

Halafu tazama majira. Kaskazi, yaani Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu, maji yanayoonyesha mpaka chini, na jua lisilo na huruma. Aprili na Mei ni masika: vijia vinageuka tope na gesti kadhaa za ufukweni hufunga zikarabatiwe. Kusi ikivuma, mpaka Septemba hivi, hewa ni nzuri lakini bahari inachafuka, mwani unarundikana ufukweni na mashua za visiwani zinarushwarushwa. Ningechagua Februari, au Oktoba kabla ya vuli kushika kasi. Pasaka, Agosti shule zikifungwa, na hasa wiki mbili za mwisho za Desemba, nauli hupanda na vyumba hujaa. Ukienda Ramadhani, jua kwamba mchana mikahawa mingi ya miji ya kale hufungwa; lakini magharibi ikiingia, mitaa yote hugeuka jiko.

Hatua ya 2: Begi liingie mapajani

Hiki ndicho kipimo. Begi la lita 30 hadi 40 linatosha kabisa. Matatu za abiria 14 zinazokimbia Pwani hazina buti la maana, na mwenye begi kubwa hulipishwa siti ya pili au husafiri amelikumbatia huku magoti ya jirani yakimchoma ubavuni. Kwenye masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, kuna mabegi mazuri ya mitumba ya kupandia milima. Kabla ya kupatana bei, fungua na ufunge zipu zote, vuta mikanda kwa nguvu, pindua begi utazame mshono wa chini, kwani ndipo yanapoanza kuoza.

Ndani, kidogo tu. Leso mbili zinafanya kazi ya taulo, shuka, pazia la dirisha la basi na vazi la heshima ukiingia mji wa kale. Chukua viatu vya raba vya kuingia navyo majini: matumbawe hukata, na wale wanyama wa miiba myeusi wanaojificha mwambani ni adhabu kuwakanyaga. Kofia, chaji ya akiba, chupa ya maji ya kujazwa tena. Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa, misitu na fukwe zilizotengwa tangu Juni 2020, na mifuko ya plastiki nchini kote tangu 2017, kwa hiyo ya chuma itakuepusha na maswali langoni.

Beba kitambulisho chenyewe, si picha kwenye simu. Polisi wa vizuizi vya barabarani hukiulizia, na ukielekea Lamu utakitoa zaidi ya mara moja.

Na malaria. Nairobi tumezoea kuisahau, lakini Pwani iko. Ongea na daktari au mfamasia kuhusu dawa za kinga kabla ya kuondoka, paka dawa ya mbu jioni, lala ndani ya neti. Ukirudi ukapata homa hata baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari kwanza kwamba ulikuwa Pwani.

Hatua ya 3: Kata tiketi, chagua upande wa kukaa

Ofisi nyingi za mabasi ya Mombasa ziko River Road, Accra Road na mitaa ya jirani. Nunua tiketi ofisini kwenyewe au kwenye mtandao wa kampuni. Yule kijana atakayekushika mkono barabarani akisema basi “linatoka sasa hivi” anafanya kazi ya kujaza basi ambalo huenda likatoka baada ya saa mbili. Nauli siku za kawaida hesabu elfu moja na mia kadhaa. Begi likiingia buti, dai kijikaratasi chake chenye namba. Simu, pesa na kitambulisho vibaki mwilini.

Usiku au mchana? Basi la usiku linakuokolea pesa za kulala, na wengi hulipendelea. Kwa safari hii mimi napendekeza la asubuhi. Ni kama kilomita 480, saa nane hadi kumi kutegemea malori, na njia yenyewe ni sehemu ya safari. Kaa kulia: anga likiwa safi, kati ya Emali na Makindu utauona Kilimanjaro, na baadaye vilima vya Chyulu. Kuanzia Mtito Andei mpaka karibu na Voi unapita katikati ya Tsavo, na ndovu waliojipaka udongo mwekundu huonekana toka dirishani. Kuna treni ya SGR, ile ya reli mpya, tangu 2017, nayo ni ya haraka zaidi. Lakini inakuteremsha Miritini, nje ya mji, na haikupi Mtito.

Mtito Andei ni karibu nusu ya njia, na hapo mabasi mengi husimama kwa chakula. Makanga atatangaza dakika kumi na tano, na huo si mzaha. Kabla ya kuteremka soma namba ya basi, kwa sababu ukitoka chooni utakuta mabasi matano ya rangi moja yamejipanga, yote yakinguruma. Lipa chai kwanza, kisha ndio uinywe. Abiria wenzako watakuwa wamesimama na sambusa mkononi, jicho moja kwa dereva: akiinuka mezani, wote mnainuka.

Hatua ya 4: Mombasa, usiku mmoja au miwili

Mabasi hushushia maeneo ya Mwembe Tayari. Tafuta gesti katikati ya mji, oga, halafu toka jua likipungua. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kuanzia 1593, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, na vichochoro vya Mji wa Kale vinaanzia mlangoni pake. Jioni nenda Mama Ngina, ukingoni mwa bahari: watu wa Mombasa wenyewe hukaa hapo ukingoni wakila muhogo wa kuchoma na kachiri zenye ndimu na pilipili, meli zikiingia bandarini karibu kiasi cha kuzisomea majina.

Asubuhi, kifungua kinywa ni mahamri na mbaazi za nazi.

Neno kuhusu salamu, maana watu wa Nairobi tuna haraka. Pwani huulizi bei wala njia kabla ya kusalimu. Mzee na mama mkubwa wanapewa “shikamoo”. Wa rika lako “hujambo” au “habari za asubuhi” inatosha. Mgeni akiingia na “niaje” atajibiwa, lakini bei atakayotajiwa itakuwa ya mgeni.

Hatua ya 5: Kusini, kupitia Likoni

Feri ya Likoni haitozi mtu anayetembea kwa miguu. Ingia kwenye banda la kungojea, vaa begi kifuani, na lango likifunguliwa nenda na mwendo wa umati bila kusukumana. Mikokoteni ina haki ya njia, au tuseme inajipa. Ng'ambo, matatu za Ukunda na Lunga Lunga zinakungoja juu ya kilima.

Ukunda ni kama kilomita 30, na hapo tuktuk inakupeleka Diani. Ufuo wa Diani unastahili sifa zake, mchanga mweupe kama unga, lakini vijana wa ufukweni wanaouza safari za mashua na vinyago watakuandama. “Asante kaka, siku nyingine,” huku ukitembea, hutosha. Ukitaka utulivu, tembea kaskazini mpaka Msikiti wa Kongo, wa mawe na wa kale sana, penye mibuyu na mto unaoingia baharini.

Panda matatu nyingine, ushuke Gazi. Wanakijiji hapa wanauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na kina mama wana njia ya mbao inayokatiza katikati ya mikoko. Ada yake ni ndogo na ukiagiza mapema wanakupikia wali wa nazi na samaki. Zaidi ya hapo, mwambie makanga akushushe njia panda ya Kanana, uchukue boda au matatu hadi Shimoni. Huko kuna mapango yanayotajwa katika historia ya biashara ya watumwa, na mashua za kwenda kisiwa cha Wasini. Wakala atakuuzia safari ya siku nzima ya kuwaona pomboo kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite, nayo ni nzuri kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, uliza gatini boti ya wenyeji inayovuka na abiria. Wasini hakuna magari, na kuzunguka kijiji kwa miguu ni raha tosha.

Hatua ya 6: Kaskazini, na pa kushuka

Matatu za Kilifi na Malindi utazipata upande wa Mwembe Tayari na Barabara ya Abdel Nasser. Mombasa hadi Kilifi ni kilomita 60 hivi, Kilifi hadi Malindi nyingine 60. Kaa kulia, upande wa bahari. Asubuhi jua litakupiga, na hapo leso inakuwa pazia.

Mtwapa. Wengi wanaujua kwa starehe za usiku. Shuka ukaone Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 uliobaki magofu chini ya mibuyu, msikiti wake ukiwa hatua chache tu kutoka kwenye maji. Saa mbili zinatosha, kisha rudi barabarani upunge gari lingine.

Kilifi. Hapa ukae. Waambie wakushushe kabla ya daraja, upande wa Mnarani, uvuke kwa miguu. Daraja lilifunguliwa 1991. Kabla yake magari yote ya kaskazini yalipanga foleni ya feri hapo chini. Wauza korosho watakukimbilia na vipakiti vyao, na ununue kwao, kwa sababu Kilifi ndiko korosho zinakotoka. Simama katikati ya daraja: kulia kwako mlango wa bahari na mawimbi yakivunjika mwambani, kushoto hori pana la kijani lenye mashua zilizotia nanga. Malori yakipita daraja linatetemeka chini ya nyayo, shikilia kofia. Magofu ya Mnarani yako juu ya ngazi ndefu upande wa kusini. Ufuo wa Bofa, upande wa mji, ni mrefu na mara nyingi mtupu siku za kazi. Usiku usio na mbalamwezi, panda mtumbwi horini na uchovye mkono: maji yanawaka cheche za samawati kwa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Kilifi pia ina hosteli za vitanda vya pamoja, jambo lisilopatikana kila mahali Pwani.

Gede na Watamu. Makanga atauliza kama unashukia Gede ama unakwenda Malindi. Shuka Gede. Mji huu wa Waswahili uliohamwa karne ya 17 uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2024: jumba la kifalme, misikiti, visima, yote yamemezwa na msitu. Chakula kiache ndani ya begi lililofungwa. Kima wa hapa hawaombi, wanachukua. Jirani yake ni mradi wa vipepeo wa Kipepeo, na ng'ambo ya barabara unaanza Msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukimaliza, tuktuk au matatu itakufikisha Watamu baada ya kilomita chache. Hifadhi yake ya bahari ni ya 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Ada za hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo fungua akaunti ukiwa bado Nairobi. Kubonyeza fomu juani huku mwenye mashua akikungoja si jambo la kutamani.

Malindi. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa 1498, iko juu ya rasi yenye upepo mzuri. Zaidi ya hapo, Malindi ni mji wa kula, kufua nguo na kupanga safari ya mbele.

Hatua ya 7: Soma maji

Hatua hii haina kituo chake, lakini bila kuijua utafika ufuo mzuri na kukuta bahari imeondoka. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji yamekupwa kabisa karibu saa nne asubuhi: ndio wakati wa kutembea mwambani na viatu vyako vya raba. Kuogelea ni jioni, karibu saa kumi, yamejaa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo na unaweza kuogelea karibu saa yoyote.

Ukiwa mbali mwambani, geuka nyuma kila mara. Maji yakijaa huanza kwa kujaza mifereji iliyo kati yako na ufuo, wewe ukiwa bado umesimama pakavu. Muulize mvuvi yeyote, “Leo maji yanaanza kujaa saa ngapi?” Atakujibu bila kutazama saa.

Hatua ya 8: Lamu, kwa mchana tu

Kwanza ulizia hali ya usalama, Malindi kwenyewe, kwenye ofisi za mabasi. Njia hii imewahi kushambuliwa, na kwa sehemu zake mabasi husindikizwa na polisi. Yakikwambia hayaendi, hayaendi; usitafute gari la mtu binafsi. Panda basi la asubuhi na mapema. Utapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, meupe mpaka macho yaume, kisha nyika, Garsen penye Mto Tana, Witu, na mwisho Mokowe, ambapo barabara inaishia gatini. (Karibu na Gongoni kuna njia ya kwenda Ngomeni. Ni kutoka majini huko ambapo Waitaliano na Wamarekani walirusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Jirani yako wa siti huenda hajui, mwambie.)

Mokowe, mabaharia watagombania begi lako. Lishike, uliza boti ya abiria na bei yake mbele ya watu, kisha ndio ushuke ngazi. Muda mfupi baadaye uko Lamu, mji wa Urithi wa Dunia tangu 2001, ambako usafiri ni miguu, mashua na punda. Ukisikia mtu nyuma yako akipiga kelele za kuomba njia, jibanze ukutani: punda aliyebeba mawe ya matumbawe hapindi kona. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti. Tembea ukingoni hadi Shela, kama kilomita 3, maji yakiwa yamekupwa, na urudi kwa boti.

Hatua ya 9: Kurudi

Tiketi ya kutoka Lamu ikate siku moja kabla, na ulizia boti ya alfajiri itakayokuwahisha Mokowe, kwa kuwa mabasi hayangoji maji. Lala Malindi ama Kilifi usiku mmoja, badala ya kuunganisha moja kwa moja mpaka Nairobi, mgongo utakushukuru. Kutoka Malindi kuna mabasi ya Nairobi bila kubadilisha Mombasa, mengi yakiwa ya jioni. Epuka Jumapili na siku ya mwisho ya likizo. Ukiingia na basi la usiku, utashushwa katikati ya mji kukiwa bado giza: kaa ndani ya ofisi ya kampuni mpaka kupambazuke, ndio uende steji ya matatu ya kwenu.